Vigingi vya Chokaa Pale Mkalole

Mwezi uliopita nilirudisha stoo vitu vya serikali nilivyokuwa navyo: fimbo ya kupimia yenye rangi nyekundu na nyeupe, mnyororo wa pingili mia, timazi mbili, na mwavuli ambao kwa kweli ulikuwa wangu, lakini karani wa stoo aliukuta kwenye orodha yake, nikaona nisibishane na mtu mwenye orodha. Nyinyi vijana mliobaki kwenye kazi ya kupima maji mmeniomba niwaandikie nilichojifunza. Nani alipandishwa cheo na nani alilipwa nini sitaandika, hayo yamo kwenye mafaili na panya wanayasoma. Nitaandika nilivyokosea, maana naona huko ndiko kwenye faida kwenu.

Nilizaliwa Mapera, mlimani kwa Wamatengo, ambako maji ni kitu kinachoteremka kwenda kuwasumbua watu wengine. Boma lilipotaka mtu wa kumshikia fimbo mpimaji wa Kizungu, katekista wetu alinipeleka mimi kwa sababu nilikuwa mrefu na nilijua tarakimu. Mpimaji huyo tulimwita Bwana Kimya. Aliweza kumaliza siku nzima bila neno, na akifungua kinywa ni kuomba chai. Siku yangu ya kwanza alikwenda kando kidogo, nami nikachungulia kwenye darubini yake. Nikamwona mwenzangu aliye ng'ambo ya mto amesimama kichwa chini, miguu juu, na fimbo yake vilevile. Nikamhurumia Bwana. Zamu yangu ilipofika niliigeuza fimbo, mwisho wa juu nikauweka chini, ili asipate taabu ya kusoma. Nilisimama hivyo asubuhi nzima nikijiona mtu wa maana. Kumbe darubini za siku zile zilipindua kila kitu, na wenye kazi walishazoea. Kipande chote kile cha mto kilipimwa upya, na siku hiyo Bwana Kimya aliongea.

Aliyeninusuru nisirudishwe Mapera ni Mzee Lukas Chale, mkubwa wa washika mnyororo, Mnyasa wa mwambao wa ziwa. Alimwambia Bwana, "Huyu amekosa kwa huruma. Mwenye huruma anafundishika. Mwenye ujuaji ndiye mzigo." Akanichukua kuwa wake. Nilimbebea mnyororo miaka mingi kuanzia Lituhi hadi mpakani, na sijapata kumwona akiharakisha kitu chochote isipokuwa ugali wa muhogo kwa usipa, vile vidagaa vya ziwani.

Mzee Chale alikuwa na desturi moja iliyonishangaza. Tukifika kijiji chochote kilicho karibu na mto, akishasalimia na kukaribishwa maji ya kunywa, aliomba apelekwe makaburini. Alisimama pale kidogo, akatazama chini kuelekea mtoni, akarudi. Mimi nilidhani ni ucha Mungu. Ilinichukua misimu miwili kumwuliza.

"Kosmas mwanangu," akasema, "nyumba ikisombwa unajenga nyingine. Mzazi akisombwa utamwambia nini? Watu waliokaa na mto muda mrefu hawamlazi mtu wao mahali maji yanapofika. Tafuta kaburi la chini kuliko yote. Chini ya hapo mto una madai. Juu ya hapo, jenga."

Tangu siku hiyo tulipima kuanzia kaburi la chini kabisa. Bwana Kimya aliona vipimo vyetu vinakubaliana na alama za zamani kwenye miamba, hakuuliza sababu, nasi hatukumwambia. Mzee Chale alipostaafu alinipa timazi yake moja. Ndiyo mojawapo ya zile mbili nilizorudisha, na hiyo nilikuwa na haki ya kubishania kuliko mwavuli.

Sasa nifike Mkalole, maana hayo yote nimeyasema ili mjue kwamba pale sikukosa kwa kutojua.

Miaka ile watu wa ng'ambo, Wayao wengi wao, walikuwa wakivuka Ruvuma kule juu ambako bado ni mto mdogo, wakakimbilia upande wetu kwa Mwingereza. Walikuja na majembe, vyungu, kuku kwenye matenga, na ngoma zao. Barua za boma ziliwaita wageni. Kaya kumi na tisa zilipokewa Mkalole, kijiji cha Wanyasa palipo na mdomo wa Mto Lupali, unaoshuka kutoka milima ya Tingi hadi ziwani. Wenyeji walikaa begani mwa kilima. Juu zaidi, kwenye mgongo wa kilima, yalikuwa makaburi yao. Wageni walipewa uwanda wa chini, kati ya mto na kilima. Udongo wake mweusi ulinona mpaka ukidondosha punje ya hindi unaona aibu kuiacha bila kuifukia. Na wenyeji hawakuwa wakiulima.

Hilo peke yake lingetosha kunishtua, na lilinishtua. Nilikwenda peke yangu mwisho wa kiangazi, boma likiwa linataka kujua kama uwanda ule ni salama kwa wageni kabla ya masika. Ziwa lenyewe miaka ile lilikuwa likipanda, kila mwaka likimeza mchanga kidogo, na mto usiopata pa kumwagia hurudi nyuma. Nilifanya kama nilivyofundishwa. Niliomba kupelekwa makaburini, nikasimama kwenye kaburi la chini kabisa, nikatazama. Nyumba zote kumi na tisa zilikuwa chini yangu, mbali sana chini.

Nikamwendea Jumbe Mbunda, mkuu wa Mkalole, mtu mfupi mwenye sauti kubwa.

"Shikamoo, Jumbe."

"Marahaba. Mmatengo, umeona makaburi yetu, sasa unataka nini?"

"Nataka wageni wahamie kilimani kabla ya mvua."

Akasema bila hasira, "Kule wamelala wazee wetu. Mgeni ambaye hana mtu wake pale hajengi pale. Akijenga, kesho mtoto wake atakojoa kichwani kwa babu yangu, halafu nitamwambia nini? Nimewapa ardhi niliyo nayo. Ningekuwa na roho mbaya ningewafukuza."

"Na mafuriko?"

"Mafuriko nimeyaona mara moja, nikiwa kijana. Yalifika pale kwenye mkuyu. Tangu hapo mto umekuwa na adabu."

Tulivutana siku mbili. Siku ya tatu akaniletea suluhu: nipigilie vigingi katikati, juu ya mkuyu lakini chini ya makaburi, wageni wahamishe nyumba zao juu ya vigingi. "Wewe utakuwa na cha kuandika," akasema, "mimi sijatoa mlima, na wao watakuwa wamesogea. Kila mtu ameshiba."

Vijana wangu, suluhu inayomshibisha kila mtu iogopeni. Nilijua kaburi la chini liko wapi. Lakini nilikuwa nimechoka, boma lilikuwa likingoja, na mstari ule ulipendeza kwenye ramani. Nikachonga vigingi ishirini na viwili, nikavipaka chokaa ili vionekane kwa mbali, nikavipigilia kwa mstari ulionyooka kutoka mtoni hadi ziwani. Che Issa, aliyekuwa msemaji wa wageni, alinitazama nikifanya kazi mchana kutwa mikono yake ikiwa nyuma. Nilimweleza kwamba kesho tutakaa tuzungumze. Aliitikia, "Ndiyo, bwana karani," kila mara niliposema neno, na mimi nikadhani tumeelewana.

Asubuhi nilikuta vigingi vyote ishirini na viwili mlangoni pa nyumba niliyofikia, vimefungwa vizuri kwa kamba ya gome kama kuni. Nikashuka uwandani. Milango imefungwa kwa kamba, majivu yamepoa, kuku hakuna. Kaya kumi na tisa zimeondoka.

Jumbe alikuja nyuma yangu akipiga mbio kwa miguu yake mifupi. "Umewafanya nini wageni wangu?" Aliuliza mara tatu. "Mgeni akiondoka kwangu bila kuaga, hiyo aibu ni yangu, si ya boma. Watu watasema Mbunda anapokea kwa mkono mmoja na kufukuza kwa mwingine." Nilikumbuka baadaye kwamba alisema "wageni wangu". Wakati ule niliona tu kwamba nimeharibu.

Tulimkuta mmoja. Abiti Amisa, mama yake Che Issa, alikuwa ameketi mbele ya nyumba yake juu ya mkeka, kando yake mtungi wa maji na kapu la muhogo aliloachiwa. Nilimsalimia shikamoo nikachuchumaa. 

"Marahaba. Wewe ndiye wa vigingi?"

"Ndiye mimi, bibi."

"Kule kwetu watu wa kampuni walikuja na vigingi vyeupe kama hivyo. Wakampimia kila mtu shamba. Ndani ya vigingi, pamba. Mahindi hapana, muhogo hapana, pamba. Mwanangu alipanda mistari miwili ya mtama ndani ya vigingi. Mwombe akuonyeshe viganja vyake." Akavuta shuka yake. "Walitaka kunibeba, nimekataa. Nimekimbia vigingi mara moja. Miguu ya kukimbia mara ya pili sina."

 Nilikuwa nimewapa watu waliokimbia pamba ya lazima kitu kilekile walichokikimbia, tena kwa mstari ulionyooka.

"Wamekwenda njia ya Tingi," akasema. "Wafuate mwenyewe. Hiyo fimbo yako iache."

Niliiacha. Ndiyo mara ya kwanza katika kazi yangu kutembea kutwa mikono mitupu, na sikujua niiweke wapi hiyo mikono.

Huko Tingi ninaye shangazi, Shangazi Kolumba, aliyeolewa huko kutoka Mapera akahamia na kilimo chake cha ngolo. Kwa wasiotoka kwetu nieleze: sisi Wamatengo hatulimi mteremko kwa matuta. Wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatana, wanawake huchimba kati yake na kuzifunika kwa udongo, mlima wote ukabaki mashimo mashimo, na mazao juu ya kingo. Mvua ikinyesha kila shimo linashika maji yake, udongo haushuki. Majirani wa shangazi walimcheka mwaka wa kwanza wakisema Mmatengo anachimba makaburi ya sungura. Mwaka wa pili walikuja kuomba wafundishwe.

Ndipo nilipowakuta. Walikuwa wamepumzika pembeni mwa shamba lake, na shangazi ameshawagawia viazi.

"Baba," akaniambia, maana mimi ni mtoto wa kaka yake, "hawa ni wa kwako? Wamesema wamekimbia karani mrefu anayetaka pamba. Nikasema sijui mtu kama huyo." Macho yake yalikuwa yanacheka. Yangu hayakuweza.

Nilimwendea Che Issa. Nikamwambia nimekosa, sikujua habari ya vigingi, na kwamba mimi si mtu wa pamba. Alinyoosha viganja vyote viwili bila kuombwa. Vilikuwa na makovu manene katikati, ya kupigwa kwa kibao chenye matundu.

"Kama hutaki pamba," akauliza taratibu, "chokaa ya nini?"

"Ili mwone maji yatafika wapi."

"Maji yanajua kupaka chokaa?"

Shangazi aliangua kicheko, na watu wawili watatu wakacheka naye, na hapo nikaona mlango umefunguka kidogo. Che Issa hakucheka, lakini alikaa chini. Akaashiria mashimo ya ngolo kwa kidevu. "Na haya? Haya ni ya nini?"

Shangazi akamweleza kabla yangu. Akamwambia kuhusu nyasi, udongo na viazi. Kisha akaongeza jambo ambalo mimi, mtoto wa Mapera, nilikuwa nalijua tangu utotoni na sikuwahi kulifikiri kazini: "Mvua ya kawaida mashimo yanainywa. Mvua ikiyajaza mpaka yakamwagikia moja kwa jingine kabla ya chakula cha mchana, basi sisi huku tunasema, pole zao walio chini."

Nilikuwa nimebeba fimbo ya serikali miaka yote hiyo kupima maji yaliyokwisha kufika, na shangazi yangu alikuwa na mlima mzima unaopima maji kabla hayajaondoka. Nikamwuliza Che Issa kama zile ngoma walizovuka nazo wangali nazo. Akanitazama kana kwamba nimeuliza kama wangali na meno.

Tulipatana palepale. Ngoma moja ibaki Tingi kwa shangazi, ya pili kwenye kiuno cha mlima katikati ya njia, ya tatu Mkalole. Ngolo zikimwagika, shangazi anapiga, wa katikati anapokea, wa chini anasikia. Maji ya Lupali yanazunguka sana kabla ya kufika ziwani, sauti inakata moja kwa moja. Siku iliyofuata tulishuka wote pamoja. Jumbe Mbunda aliwapokea njiani, hakusema neno kuhusu kuondoka kwao, akampokea mwanamke mmoja tenga la kuku akalibeba mwenyewe mpaka uwandani.

Lakini walirudi uwandani. Ngoma ingewapa muda wa kukimbia, na pa kukimbilia hawakuwa napo ila kwa kupita makaburini. Nilimsihi Jumbe tena. Akanijibu yaleyale, safari hii kwa sauti ya chini. "Mmatengo, mimi sikatai watu. Nakataa kuvunja jambo nililokabidhiwa. Hawana mtu wao kule." Nilikasirika, sitaficha. Niliona kaya kumi na tisa zitazama kwa ajili ya mifupa. Nikaandika barua kwa boma, nikaichana, nikaandika nyingine.

Barua ya pili haijaondoka, Abiti Amisa akafariki. Aliugua siku chache tu, kifua, akaondoka asubuhi mwanawe akimshika mkono.

Msiba Mkalole hauna mwenyeji wala mgeni. Wanyasa wote walishuka uwandani na majembe na unga, Wakristo wale kuja kumzika mama wa Kiislamu, Jumbe akiwa mbele. Wayao walichagua mahali pakavu nyuma ya nyumba yake, wakaanza kuchimba. Che Issa aliingia shimoni mwenyewe. Nilikuwa nimesimama na wanaume wengine nikingoja zamu ya kupokea jembe.

Shimo lilipomfika kiunoni udongo ulibadilika rangi. Akachimba kidogo tena, akasimama. Sote tuliona miguu yake. Maji yalikuwa yanapanda taratibu kwenye vifundo, maji safi, hayana haraka. Na kiangazi kilikuwa hakijaisha.

Akatoka. Wakahama hatua kama thelathini kuelekea kilimani, wakachimba upya. Kiunoni, maji. Hapo walipokuwa wakichimba ni juu kidogo ya mstari wangu, matundu mawili ya vigingi yalikuwa bado yanaonekana. Wayao huchimba chini ya kaburi mwanandani, kile kijishimo cha pembeni anamolazwa marehemu. Che Issa aliingiza jembe pembeni kujaribu kukichonga, udongo ukamomonyoka ukaangukia majini. Akaendelea. Ukaangukia tena. Nilimwona mtu mzima, ambaye hakulia kwa kile kibao, akilia kwa sauti ndani ya kaburi la mama yake kwa sababu halikutaka kukaa kaburi.

Jumbe Mbunda alivua kofia. Akaenda ukingoni, akanyoosha mkono.

"Toka humo, mwanangu," akasema. "Mtu hazikwi majini. Twende kwa wazee."

Tulipanda kilima nyuma ya jeneza, watu wa uwandani na wa kilimani bila kutengana. Misalaba ilikuwa upande mmoja wa njia. Jumbe alikwenda upande wa pili, akauliza kibla ni wapi, akaonyeshwa, akachukua jembe akapiga la kwanza yeye mwenyewe. Udongo wa pale ulikuwa mwekundu na mkavu mpaka chini. Mwanandani ulichongeka bila taabu.

Baada ya mazishi Che Issa aliwaongoza watu wake kuteremka. Jumbe akamwita. "Unakwenda wapi? Kwetu mfiwa halali mbali na maiti wake. Jengeni vibanda hapa, mmalize arobaini yenu." Akatazama huku na huku kama mtu anayepima, akaongeza, "Na mkishamaliza, mtakuwa na mtu wenu hapa. Kaburi linahitaji wa kulifagia."

Jioni ile nilifungua daftari la serikali. Palikuwa na safu ya kuandika hatua zilizochukuliwa. Niliandika: Wamehama. Kisha niliona si kweli, nikakata nikaandika: Wamefiwa. Boma halikuniuliza maana yake.

Mvua ilikuja arobaini haijatimia. Siku yenyewe ziwani kulikuwa kweupe, jua linawaka, na watu wengi, wageni kwa wenyeji, walikuwa uwandani wakipanda mahindi, maana udongo ule haukuacha kunona kwa sababu ya hofu zetu. Mimi nilikuwa mtoni nikisoma fimbo. Maji yalikuwa ya kawaida kabisa. Jua lilikuwa halijafika utosini niliposikia ngoma ya kiunoni mwa mlima, ikipigwa na mtu asiye na mpango wa kuacha. Nilitazama fimbo yangu. Bado maji yalikuwa ya kawaida. Kwa kipimo cha serikali hapakuwa na tatizo lolote.

Che Issa alitupa jembe akaikimbilia ngoma ya chini. Watu waliacha mbegu wakachukua watoto, mbuzi, magunia, sufuria. Mama mmoja alirudi mara mbili kufuata kinu chake, mara ya pili nilikibeba mimi, na hadi leo bega la kulia hunikumbusha. Tulipanda. Tulipokwisha kufika vibandani tuliketi tukitazama uwanda mtupu chini ya jua, na mzee mmoja wa kijiji akaanza kunung'unika kwamba Mmatengo na shangazi yake wamewapotezea siku ya kupanda.

Hakumaliza. Lupali ulikuja ukiwa na rangi ya chai ya maziwa na miti mizima ndani yake, ukakuta ziwa limejaa, ukageuka ukatandaa. Ulichukua nyumba kumi na tisa. Ulipita mkuyu, na kwenye mkuyu haukusimama. Ulipita mstari wangu wa vigingi. Ukapanda ukachukua jiko la Jumbe na nyumba tatu za wenyeji za begani mwa kilima. Ukasimama chini kidogo ya kaburi la chini kabisa, ukakaa hapo hadi alasiri ukitikisika, kisha ukaanza kurudi.

Tulihesabu watu mara tatu. Hakupungua hata mmoja. Jumbe Mbunda alikuwa ameketi ndani ya kibanda cha matanga cha Che Issa, amekunja magoti, akinywa uji aliopewa na mke wa mwenye kibanda. Alipomwona Che Issa mlangoni alianza kusimama ampishe.

"Kaa, baba," Che Issa akamwambia. "Wewe ni mgeni wangu."

Maji yalipokauka nilishuka kupima. Ndipo mjue ninachotaka kuwaambia. Kutoka mstari wangu hadi mahali mto uliposimama nilihesabu hatua sitini na mbili za kupanda kilima. Kama wale watu wangenitii, wangehamia juu tu ya vigingi kama nilivyowaagiza, wakajenga upya, wakaamini, na siku ile wasingekuwa na haraka ya kukimbia, kwa kuwa karani mwenye fimbo amewahakikishia. Nilikaa juu ya gogo. Waliong'oa vigingi vyangu waliwaokoa watoto wao, na mimi waliniokoa nisiwe mtu asiyeweza kujitazama.

Nikiwa bado nimekaa pale alikuja Che Issa, ameshika kigingi kimoja. Sijui alikiweka wapi muda wote ule, nilidhani vyote vilikwisha kwa kuni. Alikwenda mpaka kwenye mstari wa takataka na povu lililokauka, akachuchumaa, akaninyooshea mkono nimpe nyundo. Alikipigilia mwenyewe. Alipiga polepole, na kila pigo nilijua linamuuma viganjani. Kisha akaomba chokaa.

Tangu hapo, katika kila kijiji nilichopelekwa, kilichopokea wageni na kisichopokea, sikupigilia kigingi kwa mkono wangu tena. Nilitembea na wenye mahali, nikaomba kuonyeshwa makaburi, nikawauliza wageni wamekimbia nini kabla sijawaonyesha chombo chochote, na kigingi walipigilia wao. Kazi huchukua siku tano badala ya mbili. Wakubwa watalalamika. Waacheni walalamike, wao hawakai uwandani.

Kabla ya kurudisha vitu stoo nilikwenda Mkalole kuaga. Jumbe Mbunda sasa naye amelala kilimani, na kaburi lake linafagiwa na watu wa pande zote mbili za njia. Uwandani hakuna nyumba hata moja, yapo mahindi matupu, marefu kunipita mimi. Kwa shangazi Tingi ngoma ingali inaning'inia darini.

Nilimkuta Che Issa hayupo nyumbani. Walikuwa wamefika watu wapya kutoka ng'ambo, kaya nne, na alikuwa amewapeleka kuwaonyesha mahali. Niliwafuata nikawaona kwa mbali. Wale watu walikuwa wamesimama wamekusanyika pamoja nyuma kidogo, wanakitazama kile kigingi cheupe, na mwanamke mmoja alikuwa tayari ameinua mzigo wake kichwani. Nilitaka kupaza sauti. Che Issa alikuwa amechuchumaa, ameweka kiganja chake chenye kovu juu ya kigingi.

"Huyo mama, tua mzigo," alikuwa akisema. "Hiki si cha kampuni. Hiki nimekipigilia mimi. Jenga juu yake, upande ule aliko mama yangu, halafu panda chochote unachotaka."

Mwanamke alisimama kidogo akimtazama, kisha akautua mzigo.